Spoku ya Kutolea Masizi

Nyie mnaobaki maabara mmenisumbua. Tangu mlipokata keki ya kuniaga, simu hazikatiki: "Bibi, andika kabla hujasahau." Nimewaambia niliishia darasa la saba na mistari yangu inapanda mlima kama njia ya kwenda msituni. Mkasema hivyo hivyo mtasoma. Haya. Nimeketi barazani kwangu Kikwe, migomba imepata maji, mbuzi wamekula, na hakuna mtu wa kuniita nikaangalie tanuru. Raha ya kustaafu ndiyo hiyo: ukisikia harufu ya kitu kinaungua, unajua ni maharage tu.

Vyeo sitasimulia, maana sikupata. Mshahara ni siri yangu na sanduku langu. Nitasema kazi.

Kabla ya maabara nilikuwa nachambua kahawa. Unakaa kwenye benchi, punje zinapita mbele yako, unatoa mbovu, unaacha nzuri, mpaka ukilala unaota punje. Kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Mtoto wa kaka yangu akaniambia kuna maabara wanatafuta mama wa kuosha vyombo. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikafunga kilemba, nikaenda. Niliyemkuta mlangoni ni Fundi Zakaria.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Olmotonyi, alianzia maisha kwenye mashine ya kupasua mbao, ndiyo maana kidole chake kimoja kilikuwa kifupi. Alinipa koti jeupe ambalo tungeweza kuingia wawili na nafasi ikabaki. Nilipoingia ndani, harufu ya spiriti ikanipiga usoni kama kilabuni.

"Mama," akasema, "kabla ya yote. Hapa hakuna kuonja."

"Mimi ni mwanakwaya wa Kilutheri," nikamjibu.

"Ndiyo maana nimekuambia mapema."

Nikajua tutaelewana.

Siku hiyo hiyo nilimuuliza hii spiriti ni ya nini. Nitawaeleza alivyonieleza yeye, maana vitabu vyenu nimevifuta vumbi tu, sikuvisoma. Unachukua spiriti, ile iliyo ndani ya pombe yoyote. Unaichanganya na maji, unaichemsha iwe mvuke, unaipitisha kwenye bomba la moto. Ndani ya bomba kuna unga. Ule unga unaikata spiriti vipande vipande, na upande wa pili inatoka gesi ya haidrojeni, inayowaka bila moshi, na siku moja itatupikia ugali na kuendesha magari. Siku moja. Mimi nimestaafu na bado napikia kuni.

"Na huo unga ni wa nini?" nikauliza. "Mahindi?"

Hakucheka. Fundi Zakaria hakumcheka mtu anayeuliza, aliwacheka wasiouliza. Akanionyesha chupa mbili. Moja ina chumvi ya nikeli, kijani kama mchicha uliosagwa. Nyingine ina unga mweupe unaoitwa alumina. Akasema: "Nikeli ni wapangaji. Alumina ni nyumba yenye vyumba vingi. Wapangaji ndio wanaofanya kazi, lakini bila nyumba hawakai. Kila mmoja akikaa chumba chake, kazi inakwenda. Ukizidisha moto, wanatoka wote wanajazana chumba kimoja, wanapiga soga, kazi imekufa."

Nimewasikia madaktari wengi wakieleza jambo hilo kwa picha ukutani na kijiti chenye taa nyekundu. Sijamsikia aliyelieleza kwa ufupi kuliko mzee yule.

Kazi yangu ilianza kwa kuosha, ikaishia kwenye bomba. Bomba lenyewe ni la kioo kigumu, nene kama kidole gumba. Unga unakaa katikati, umezuiwa na pamba ya kioo. Kazi ikiisha na bomba likipoa, lazima mtu alitoe, alimwage, alisafishe. Hapo ndipo masizi yanapoingia. Spiriti ikikatwa vibaya inaacha masizi, na masizi yanaubana unga mpaka unakuwa kigogo kimoja cheusi, kama chungu cha uji ulioungua. Fundi Zakaria alinitengenezea kifaa: spoku ya baiskeli, kanyoosha, kachonga ncha kwa tupa, kaweka mpini wa mti. Nayo akanipa sheria.

"Bomba likipoa, ligeuze. Likimwaga lenyewe, unga ulikuwa mzima. Likikataa, leta spoku. Karatasi za mashine zinaweza kudanganya, bomba halina sababu."

Basi huo ndio ukawa ufundi wangu. Wengine wametengeneza unga, mimi nimechokonoa. Nimechokonoa nikeli, nimechokonoa kobalti yenye maji ya pinki kama ufizi wa mtoto, nimechokonoa shaba. Nyumba nazo zilibadilika, leo alumina, kesho magnesia, keshokutwa unga wa manjano unaoitwa seria, ambao nao unasaidia kuyala masizi. Kuna mwaka walileta rodi, metali ya ajabu, ghali kuliko dhahabu, kwenye kichupa kidogo, na Dokta wetu, mkuu wa maabara, akawa anatembea nayo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Ilifanya kazi vizuri sana. Hatukuiona tena. Vitu vizuri ni vya wageni.

Shaba ndiyo iliyonitesa zaidi. Kifaa cha kupimia joto cha tanuru kilikwama, tanuru likapanda likaendelea kupanda, na tulipofungua asubuhi unga wa kijana mmoja wa Babati aliyekuwa akisoma kwetu ulikuwa umeng'aa kama sufuria mpya. Wapangaji wote chumba kimoja. Kijana akaniuliza kama naweza kuutoa. Nikamwambia, "Mwanangu, huo hautoki, huo unazikwa." Tukazika bomba na vyote. Fundi Zakaria akavua kofia.

Alipostaafu, alinikabidhi tanuru. Alinifundisha kwanza kuangalia namba, halafu kuangalia rangi kwenye ufa wa mlango, halafu kutoamini kimoja bila kingine. Yuko kwake Olmotonyi hadi leo, anafuga nyuki, anapiga simu Jumapili kuuliza kama nimeunguza jengo.

Sasa nifike kwa Neema, maana najua ndicho mnachokitaka.

Neema alikuja kwetu kusomea udaktari, ule wa vitabu, siyo wa sindano. Mchaga wa Machame, mwembamba, anaongea haraka, anacheka kwa mabega. Siku ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo Bibi," akanipokea ndoo bila kuulizwa. Nikasema moyoni huyu ama kalelewa vizuri ama anataka kitu. Vyote viwili vilikuwa kweli.

Alichotaka ni ndizi. Alikuwa ameona ndizi zinavyooza kwetu Kikwe msimu ukikolea, zinalala chini ya migomba hata mbuzi wanazipita. Akasema: tuzichachue, tutoe spiriti, spiriti itoe gesi, na mwenye migomba awe na jiko lake. "Na unga wangu uwe nikeli na alumina, Bibi, vitu vinavyopatikana. Siyo rodi ya kubeba kama yai."

Hapo nikampenda. Nikawa namletea ndizi zilizoiva kupita kiasi, tunaponda kwenye ndoo, tunafunika, tunakeneka kwenye vioo, mvuke ukipoa inadondoka spiriti. Nikirudi nyumbani nanukia. Mwinjilisti wetu akaniita pembeni baada ya ibada.

"Mama Anaeli, kina mama wa kwaya wananong'ona. Wanasema unanukia gongo."

"Waambie ni kweli nanukia," nikasema. "Waambie na wao waje kazini wanukie."

Akaja kweli, akaona vioo, akaona bomba, akaona mwali mdogo wa bluu mwisho wa mrija. Akatuombea. Kwaya wakatulia, ila sauti ya pili walianza kusimama mbali kidogo.

Ule unga wa mwanzo wa Neema ulikuwa mzuri. Anaosha alumina kwanza, maji mengi, anaiacha izame, anamwaga, anarudia. Halafu anayeyusha chumvi ya nikeli, anaidondosha tone tone huku anakoroga, kama unavyotia maji unga wa chapati: ulowe lakini usilie. Mimi nakausha, natia kwenye tanuru. Tukaliwasha bomba, likaenda siku nyingi bila kulalamika. Mashine ya kuchora ikachora milima yake. Kila gesi ina mlima wake kwenye karatasi. Wa haidrojeni tulikuwa tunauita Kilimanjaro kwa kumfurahisha Neema, na wa pembeni tukauita Meru kwa kunifurahisha mimi. Nilipoligeuza lile bomba, unga ukamwagika. Neema akapiga vigelegele vya Kichaga, Dokta akatoa kichwa ofisini kuuliza nani kaolewa.

Halafu, bila kubadilisha kitu, kila unga mpya ukaharibika.

Mikono ile ile, vipimo vile vile, tanuru lile lile. Bomba linaanza vizuri, siku ya pili pampu ya kusukuma spiriti inaanza kukoroma, siku ya tatu imeziba. Nikiligeuza, kimya. Nalitikisa, kimya. Naleta spoku. Natoa kigogo cheusi, Neema amesimama nyuma yangu kama mtu aliyeletewa maiti aitambue.

Na kwenye karatasi, katikati ya Kilimanjaro na Meru, ukaota mlima wa tatu.

"Huu ni nini tena?" nikamuuliza.

"Ethileni, Bibi. Gesi ile ile inayoivisha ndizi."

"Sasa sisi tunaponda ndizi ili tutoe gesi ya kuivisha ndizi?"

Hakucheka hata kwa mabega. Alinieleza kwamba alumina ikiwa na uchachu, haingoji nikeli ifanye kazi. Yenyewe inaivuta spiriti, inainyang'anya maji, inaigeuza ethileni, na ethileni kwenye moto ule haina mwisho mwingine ila masizi. "Yaani nyumba inawaharibia wapangaji," nikasema. Akasema ndiyo. "Lakini uchachu unatoka wapi? Alumina ni ile ile, Bibi. Kopo ni lile lile!"

Tukamtafuta mchawi. Kwanza tukazishuku ndizi zangu, nikanuna kwa niaba ya Kikwe nzima. Akatumia spiriti ya dukani: masizi. Tukashuku chupa ya nikeli, akafungua mpya: masizi. Tukashuku tanuru, nikalifagia ndani kwa brashi ya viatu: masizi. Akaongeza seria kidogo, ile ya manjano inayokula masizi. Bomba likachelewa kuziba, lakini likaziba.

Dokta naye si mtu mbaya, ila ana uso wa hakimu hata akiwa anakunywa soda. Akamwita Neema mbele yetu akamwambia ukweli. Muda wake wa kusoma ulikuwa unaisha, na waliokuwa wanamsomesha wameshasema hawaongezi. Mtahini kutoka nje anakuja kuuona unga ukifanya kazi. Ukiziba mbele yake, hakuna udaktari. Ni kurudi Machame na kumsaidia kaka yake kuuza misumari. "Nina bomba moja tu la kukupa," akasema Dokta. "Litumie ukiwa na uhakika."

Kuuza misumari siyo dhambi, nilimwambia hivyo. Akasema, "Bibi, sikulia miaka yote hii ili nikauze misumari."

Kilikuwa kiangazi kikali, vumbi hadi kwenye sukari. Siku moja wakati wa chai tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, yeye kashika kikombe hanywi. Nikaona nimchekeshe. Nilikuwa nimetoka kupiga picha ya kustaafu studio ya Daraja Mbili, ile mliyoitaka mtundike ukutani. Yule mpiga picha, kijana wa nywele za kusuka, alinikatisha kila nikitabasamu: "Bibi, funga mdomo kidogo." Nikamwambia nimesubiri miaka yangu yote nitabasamu kwenye hiyo picha, sifungi. Basi akapiga, halafu kwenye kompyuta yake akanibadilisha meno bila kuniuliza. Nikamtolea Neema picha kwenye pochi. Mdomo wangu umejaa meno meupe peee, kama ya tangazo la dawa ya mswaki.

"Nilimwambia hivi: kijana, huyu bibi wa kwenye picha namfahamu uso, lakini meno ni ya mtu wa Tanga!"

Nikacheka mpaka nikajishika ubavu. Neema naye akaanza kucheka, akaniangalia, halafu akaacha. Akabaki ananikodolea mdomo.

"Bibi. Cheka tena."

"Nicheke nini? Nimeshacheka."

"Fungua mdomo. Meno yako."

"Leo ndiyo unayaona? Nilidhani umeshayazoea."

Kwa asiyejua: meno yangu ni ya kahawia, yana mistari kama mti uliopasuliwa. Sina aibu nayo, ndiyo yaliyotafuna makande yote niliyokula. Sisi tuliokulia chini ya Meru wengi tuko hivyo. Ni maji, yana madini ya floraidi, na mtoto akikua nayo meno yanabadilika. Neema alilijua hilo, nani Arusha asiyelijua. Lakini aliniuliza kama mtu anayehesabu.

"Na Elinami? Mjukuu wako. Ya kwake ni meupe."

"Ya Elinami ni lulu," nikasema, maana kwa mjukuu wangu siwezi kujizuia. Darasani kwao hakuna mwenye meno kama yake, na wa kwanza katika hesabu ni yeye. "Mama yake kamlea kwa maji ya mvua. Tenki lilijengwa kabla ya kitanda cha mtoto."

"Maji ya mvua," akasema. Akaweka kikombe chini. "Bibi, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Nikatazama mbingu kama vile jibu lingekuwa limeandikwa huko. Ilikuwa zamani.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mashine yetu ya kukeneka maji ilikufa wakati wa masika, na kipuri chake mpaka leo kinasemekana kiko njiani. Maji ya betri ya dukani Dokta aliyakataa. Alisema mengine ni maji ya bomba yaliyovishwa kofia. Lakini nyuma ya maabara kuna tenki kubwa linalopokea mvua ya bati. Akayapima maji yake, yakawa safi kuliko alivyotegemea, akaruhusu. Unga mzuri wa Neema ulioshwa kwa hayo. Kila mtu akajua: maji ya kazi ni ya tenki la mvua.

Neema akanyanyuka akaenda kwenye tenki, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Chini, du. Katikati, du. Juu kabisa, du. Limejaa. Kiangazi katikati, vumbi hadi kwenye sukari, na tenki la mvua limejaa.

Mzee Lomayani, mlinzi wetu, alikuwa amekaa kivulini na rungu lake.

"Mzee, shikamoo. Hili tenki linajazwa na nani?"

"Marahaba. Mimi," akasema Mzee Lomayani, tena kwa fahari. "Bomba likitoa maji, mimi naweka mpira, najaza. Tenki tupu jua linalipasua. Na maji yakikatika mtakunywa nini?" Akanigeukia, akaniita mama kwa Kimaasai: "Au nakosea, yeyo?"

Sikumwambia anakosea, maana hakukosea. Nani kati yenu haachi mpira kwenye tenki bomba likitoa? Kwangu nafanya hivyo, kwa jirani wanafanya hivyo, hata kanisani. Msiniulize kwa nini sikujiuliza. Tenki lililojaa kiangazi halimshangazi mtu wa Arusha, linamfurahisha. Ilihitajika mtu mwenye shida aligonge.

Neema alikuwa ameshika kichwa, anacheka na kulia kwa pamoja. "Bibi, unajua alumina wanaifanyia nini kule vijijini? Wanaiweka kwenye vichujio! Inakamata floraidi kwenye maji ya kunywa. Ndiyo kazi yake! Na mimi nimekuwa nikiiosha, naiosha, naiosha…"

"Kwa hiyo ulikuwa unatuchujia maji."

"Nilikuwa nawachujia maji ya Arusha nzima! Na floraidi ikishakaa kwenye alumina ndiyo inaitia uchachu. Huo ndio mlima wa tatu, Bibi. Ni meno yako!"

Meno yangu yameitwa mengi, lakini mlima ilikuwa mara ya kwanza.

Dokta alitoka akasikiliza yote amesimama, mikono mfukoni. Akapima maji ya tenki, akapima na unga. Aliporudi, uso wa hakimu ulikuwa umelegea. "Ni yenyewe," akasema. Halafu akamtazama Neema: "Ungeniambia ni maji, ningekukatalia. Niliyapima mwenyewe." Na Neema akajibu kwa heshima, "Uliyapima yakiwa ya mvua, Dokta." Mzee Lomayani akauliza kama aendelee kujaza. Akaambiwa aendelee, ila tenki likaandikwa kwa rangi nyekundu: YA KUNYWA NA KUDEKI.

Kaka yake Neema, yule wa misumari, ndiye aliyetuletea maji. Maabara nyingine iliyo na mashine nzima ilitukubalia, naye akaja na pikapu na madumu mapya, kimya, kama anabeba maji ya ubatizo. Neema akafungua kopo jipya la alumina. Akaiosha. Akadondosha nikeli tone tone, na seria kidogo kama chumvi ya mboga. Mimi nikakausha, nikatia tanuruni, nikaangalia namba, nikaangalia rangi ya ufa, sikuamini kimoja bila kingine. Spiriti ilikuwa ya ndizi zangu, hilo nilidai. Nisingekubali Kikwe ibaki na doa.

Bomba likawashwa. Siku ya kwanza ilipita, ambayo haina maana, zote za mwanzo zilipita. Siku ya pili nilienda kusimama karibu na pampu nikiwa na ufagio, kusikiliza. Ilikuwa inapumua kama mtoto aliyeshiba. Siku ya tatu, ile ya kuziba, hakuna aliyekunywa chai. Kilimanjaro palepale. Meru palepale. Katikati yao, tambarare.

Wiki ilipokwisha mtahini akafika, mama mmoja wa makamo, miwani kwenye kamba, hana mchezo. Akasoma karatasi zote, akauliza maswali ambayo sikuyaelewa, Neema akayajibu bila kupepesa. Halafu mama yule akavua miwani.

"Milima ya karatasi nimeiona," akasema. "Zimeni. Lipoe. Nataka kuuona unga wenyewe."

Neema akanitazama. Nilikuwa nimebakiza siku chache za kazi katika maisha yangu, na koti langu kubwa lile lile la Fundi Zakaria, mikono imekunjwa. Nikaosha mikono. Nikafungua droo ya chini, nikatoa spoku, maana fundi haendi mbele za watu bila kifaa chake. Droo mnaijua, imo humo, kwenye kitambaa cha bluu. Msiitupe, masizi hayajaisha duniani.

Nikalifungua bomba kwenye vishikizo vyake. Lilikuwa la uvuguvugu kidogo, nikalishika kwa kitambaa. Moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko pampu, nawaambia ukweli, kuliko siku ya ndoa yangu, na ile ilikuwa ndoa ya kugonga moyo. Mkono mmoja bomba, mkono mwingine spoku. Nikaligeuza juu ya sahani nyeupe. Sikutikisa.

Pamba ya kioo ikateleza kwanza, ikaanguka. Halafu unga ukafuata, shwaaa, kama mtama unaomiminwa kwenye ungo, mweusi, mkavu, kila punje na njia yake, mpaka ya mwisho ikaruka ikagonga ukingo wa sahani.

Neema akakaa sakafuni palepale na koti lake jeupe. Kaka yake wa misumari, aliyekuja kushuhudia, akapiga kofi moja tu, akaona aibu, akaacha. Mimi nilishusha pumzi ambayo sikujua nilikuwa nayo, nadhani niliingia nayo tangu kiwanda cha kahawa.

Mtahini akaitazama sahani kwa muda, akaisogeza, unga ukatembea. Akaandika. Kisha akanyanyua macho akaniangalia mimi, bibi wa meno ya kahawia niliyeshika chuma chenye ncha.

"Na hicho ni cha nini, mama?"

"Cha kuchokonolea," nikamwambia. "Leo nimekuja nacho bure."